Askari Asiyepokewa Zamu

Juu ya paa, chumba cha mashine ya lifti
4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Ukiona mwandiko unayumba usidhani nimelewa. Naandikia juu ya boksi la vifaa, orofa ya kumi na mbili, mahali ambapo hata ndege wakipita wananiamkia. Salamu zangu basi zinakushukia kutoka juu, zipokee kwa mikono miwili.

Simu yako ya jana niliisikia nusu. Nusu ya pili ilikuwa kilio, na nusu ya tatu alikuwa jirani yako anagombana na mbuzi. Najua nusu haziwi tatu. Darasa la sita nililiacha kwa hiari yangu, si kwa ujinga.

Nilichokamata ni hiki: Askari ameanguka darasani mbele ya wenzake, akatikisika mwili mzima, vilevile kama alivyokuwa akitikisika mdogo wake. Dada, moyo wangu uliteremka orofa zote kumi na mbili bila breki. Bwana Mdogo hata mwaka hajamaliza ardhini.

Jina la Askari nilimpa mimi, unakumbuka? Nilikuja likizo nikamkuta binti yako amelala mchana, amejifunga kamba ya kitambaa mkononi, na ncha ya pili iko mkononi mwa Bwana Mdogo. Nikamwamsha: "Umemkamata kwa kosa gani huyu?" Akanijibu bila kutabasamu, "Kifafa chake kikianza, kamba inanivuta, naamka, namgeuza ubavu." Alikuwa na miaka tisa. Mimi mtu mzima niliyetembea miji ambayo nyie mnaiona kwenye kalenda, nilipiga saluti.

Niandikie kila kitu. Usipige simu. Nyumba yenu kuta zake ni kama karatasi, ukinong'ona sebuleni mtoto anapokea chumbani, na haya si ya kusikiwa na mtoto wa miaka kumi na minne aliyelala chali anahesabu misumari ya bati.

Hapa mjini kuna hospitali ya watoto yenye mashine ya kusoma umeme wa kichwani. Lifti zake nazitunza mimi. Daktari mkuu wa vichwa, mama mmoja mfupi mwenye miwani mikubwa kuliko uso, nilimkwamua mwaka jana kati ya orofa ya tatu na ya nne. Mtu uliyemtoa gizani hakusahau. Mlete mtoto. Mengine niachie mimi.

Kaka yako,
Injinia wa Mawingu


Nyumbani
17 Februari

Kaka,

Barua yako nimeipata. Nimemtuma Askari bombani ili niweze kukujibu, na hata hapa roho iko mlangoni, naogopa ataangukia huko.

Tangu siku ile ya darasani hakuna wiki inayopita salama. Huanza kwa kunyamaza. Ukimwita haitiki. Kisha anakwenda chini, kichwa anakitupa huku na huku, miguu inapiga sakafu, na inachukua muda mrefu kuliko ilivyokuwa kwa mdogo wake. Macho anafumba. Bwana Mdogo alikuwa anayafumbua, meupe, nilikuwa siwezi kuyatazama. Ikiisha analia bila sauti. Walimu wamesema akae nyumbani kwanza, wenzake wanaogopa.

Nimempa vidonge vya mdogo wake vilivyobaki kwenye kopo. Najua utanigombeza. Ungekuwa wewe ungempa nini?

Shemeji yako amekuwa jiwe. Cherehani inalia kutwa, yeye kimya. Tangu tuzike hajalitaja jina la mwanawe hata mara moja. Godoro alilitoa, viatu akavitoa, na ile kamba aliyoishona mwenyewe kwa vipande vya bitana, akaiwekea pamba ndani isimchubue mtoto, sijui aliipeleka wapi. Alisema nyumba ikinyamaza, huyu aliyebaki atasahau. Mimi nikakubali.

Hata lile la mtihani nilikubali. Hujawahi kuniuliza, lakini ulisikia. Asubuhi ile Bwana Mdogo alipotutoka, Askari alikuwa tayari yuko shuleni. Jioni tukamwambia mdogo wake amelazwa, yeye amalize mitihani kwanza. Alipomaliza, kaburi lilikuwa limekwisha fukiwa. Hakulia. Akauliza kama tumekula. Tukaona tumefanya la busara, na alama zake zikaja nzuri.

Sasa ugonjwa umehama kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Ni wa damu, kaka. Nimebakiwa na huyu mmoja. Sina nguvu ya kuosha mtoto wa pili.

Nitampandisha basi mwisho wa mwezi. Mpokee mwenyewe, usimtume mtu.

Dada yako


Kwa Injinia, chumba cha uani
22 Machi

Dada,

Keti chini. Kama umeketi, simama ucheze!

Mtoto hana kifafa. Narudia, maana najua unasoma huku umeziba mdomo kwa kiganja: hana kifafa.

Sikiliza ilivyokuwa. Walimlaza kitanda kizuri, wakambandika nyaya kichwani hadi akawa kama redio iliyofunguliwa. Ukutani kamera inamtazama. Mimi nikakaa pembeni nikimpa hadithi za safari zangu, za kweli na zile nyingine. Alicheka! Nilimwambia jinsi nilivyokwama kwenye lifti na bibi harusi pamoja na keki, akacheka mpaka nyaya zikalegea, nesi akanifukuza wodini. Siku ya tatu akaanguka humo humo kitandani, mashine inaandika, kamera inaona. Nililia, dada, usimwambie mtu.

Asubuhi daktari akaniita ofisini. Akanionyesha mistari ya umeme. "Injinia, hapa ndipo alipokuwa anatikisika. Ona, ubongo wake umetulia. Hiki si kifafa." Mimi nilikuwa nimeshasimama. Alikuwa anaendelea kusema jambo, lakini nani anasikiliza la pili wakati la kwanza ni tamu kiasi hicho? Nilimkamata mikono yote miwili, nikamshukuru kwa lugha tatu, nikatoka mbio kununulia wodi nzima soda. Watoto wenye mirija puani wamekunywa kwa heshima ya Askari.

Kwa hiyo mwambie shemeji, umwambie kwa sauti: hana kitu. Hana kitu kabisa! Vidonge vya marehemu aache kama daktari alivyoandika kwenye bahasha. Walitaka pia awe anarudi kila mwezi kwa ajili ya mazungumzo. Nikawaambia mazungumzo tutayafanya wenyewe, ukoo wetu unaweza kukosa vyote lakini si maneno.

Kitu kimoja tu. Mwenyewe hakufurahi. Nilipompa soda nikamwambia, "Huna kitu, mjomba," aliitazama ile chupa. Akauliza, "Kabisa?" Nikasema kabisa. Akaniwekea chupa mkononi, haijaguswa. Nadhani ni uchovu wa zile nyaya.

Anapanda basi la Jumanne. Mpokee kwa vigelegele.

Kaka yako,
Injinia wa Mawingu, Mkwamuaji wa Madaktari


Nyumbani
14 Aprili

Kaka,

Vigelegele nilipiga. Jirani wa mbuzi naye akaja kupiga. Jioni ile ile Askari akaanguka mbele yao wote, kati ya mlango na jiko.

Watu walitazamana. Nami nilikuwa nimeshatangaza kwamba hana kitu.

Shemeji yako aliichukua barua yako akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Akaikunja. Akasema, "Kama hana kitu, basi anafanya makusudi." Wewe ndiye uliyeandika hana kitu kabisa, na wewe ndiye uliyeongea na daktari. Kama si ugonjwa ni nini? Nimelala na swali hilo mpaka likawa chungu. Kuna siku nilimwinamia pale chini nikamwambia, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Unamwigiza marehemu mwanangu. Huoni haya?"

Mume wangu ametoa amri. Akianguka asiguswe, asisemeshwe, watu watoke wamwache peke yake mpaka achoke. Shuleni nao wameambiwa hivyo hivyo.

Juzi aliangukia bombani, kwenye saruji. Watu walisimama na ndoo zao wakatazama. Hakuna aliyemwekea hata kitambaa chini ya kichwa, maana baba yake mwenyewe alikataza. Ameshonwa juu ya jicho. Nimefua gauni lake mara mbili, damu haijatoka yote.

Hasemi na mtu. Akila anashukuru, kama mgeni.

Wewe uliye mwerevu wa dunia, niambie nimfanye nini.

Dada yako


Nyumbani
20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama anajua nakuandikia kuhusu shule. Basi, mambo ya shule ni haya: siendi. Ya shule yameisha.

Mjomba, ulisema sina kitu. Nimejaribu kweli kutokuwa na kitu. Nikiamka najiambia, leo huanguki kwa sababu huna kitu. Kisha vidole vinakufa ganzi, sauti za watu zinakwenda mbali kama wako ndani ya debe, na mimi sipo. Nikirudi naona miguu ya watu.

Mara nyingine nakuwepo. Siku ya bombani nilikuwepo kidogo. Niliyasikia maji yananipitia mgongoni, nikamsikia mama mmoja anasema, "Mwacheni, akichoka ataamka." Nilitaka sana kuamka ili wasicheke. Mwili ulikataa. Mjomba wewe umetembea, niambie: mtu anayeigiza si anaweza kuacha?

Sijamwigiza. Nisingethubutu. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza ubavu, namfuta mdomo, namwambia "nipo" mpaka anirudie. Alikuwa akirudi ananiuliza, "Nimekwenda mbali?" Nami namwambia, "Hapo mlangoni tu." Hapa kwetu siwezi kusema haya. Jina lake likikaribia, Baba anakanyaga cherehani kwa nguvu.

Kuna jambo nataka kukuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye uliyenipa uaskari. Askari akiondoka lindoni, si lazima mwenzake aje ampokee? Mimi asubuhi ile niliifungua kamba mkononi mwangu nikamfunga Mama, nikaenda kwenye mtihani. Nilijua jioni narudi kushika zamu yangu. Niliporudi wakasema amelazwa. Nikasoma. Kisha wakasema amezikwa. Hakuna aliyeniambia zamu imekwisha, Mjomba. Walihamisha lindo tu.

Kamba ninayo. Baba aliitupa kwenye gunia la mabaki ya vitambaa, nikaiokota. Nikilala najifunga. Ile ncha nyingine sina pa kuifunga.

Kidonda kinapona. Usije kwa ajili ya kidonda.

Mpwa wako


Juu ya paa
28 Aprili

Askari,

Barua yako nimeisomea mahali ambapo mafundi wenzangu hawanioni. Wamenikuta hata hivyo. Nimewaambia ni vumbi la mota.

Swali lako la kwanza: anayeigiza anaweza kuacha. Wewe huwezi. Kwa hiyo huigizi. Hilo halihitaji daktari, hata wa darasa la sita analiona.

Swali la pili ni kubwa kuliko mimi. Kesho naenda kwa yule mama wa miwani. Mara hii nitakaa kwenye kiti mpaka anifukuze.

"Huna kitu" naiondoa. Niliitoa kama mtu anayetoa chenji bila kuhesabu. Irudishe kwangu.

Nipo.

Mjomba


Kwa Injinia, chumba cha uani
6 Mei

Dada, na Shemeji,

Barua hii ni ya wote wawili. Dada, msomee hata kama anashona. Hasa akiwa anashona.

Nilirudi kwa daktari. Niliingia na salamu zangu zote, naye akavua miwani akanitazama. "Injinia, ulikimbia kabla sijamaliza." Mimi niliyezoea kuwakwamua wengine, nikakwama katikati ya ofisi ya mtu. Nikamweleza ya bombani, amri ya kutomgusa, nyuzi za juu ya jicho. Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana.

Haya ndiyo aliyokuwa akisema siku ile mgongo wangu ulipokuwa unatoka mlangoni. Kuanguka kwa mtoto ni kwa kweli. Si kifafa, na si maigizo. Yapo matatu, dada, nasi tulihesabu mawili. Mtoto akibeba kitu kizito kisichosemeka, ipo siku mwili unakisema badala yake, bila kumwomba ruhusa. Jambo hilo halipangi, halitaki, na hawezi kulizuia kwa kugombezwa. Akasema anawaona wengi, wasichana kwa wavulana, na wengine huanguka kwa namna ile ile waliyoiona kwa mtu waliyempenda. Mwili hunakili kile ulichokiona zaidi. Nikakumbuka umri aliokuwa nao alipoanza kulala na kamba mkononi.

Nikamwambia, mama, mimi kichwa changu ni cha chuma, niweke sawa. Akanicheka kidogo. "Lifti inapokwama ghafla katikati ya orofa, ni kwamba imevunjika?" Basi hapo nikaingia nyumbani kwangu. Shemeji, nisikilize kama fundi kwa fundi. Lifti ina kitu kinachopima mwendo. Ikishuka kwa kasi isiyo yake, makucha yanatoka yanauma reli, inasimama palepale, kishindo, giza. Walio ndani wanapiga mayowe wakidhani kamba imekatika. Kamba nzima. Mota nzima. Imesimama ili isianguke. Ukipima kila waya utaandika "haina kitu", na wakati huo huo kuna mtu humo ndani anakosa pumzi.

Na sheria ya kwanza ya kazi yetu si kushika spana. Sheria ya kwanza unakwenda mlangoni, unainama, unasema na aliye ndani. Unamwambia jina lako, uko wapi, unafanya nini. Humwambii "acha kelele". Humwachi akakaa kimya na giza mpaka achoke. Fundi akimwacha mtu hivyo, tunamnyang'anya ovaroli.

Sisi tulimwacha.

Daktari kasema hivi. Akianguka, ondoeni vitu vya kumuumiza, wekeni kitu laini chini ya kichwa, msimkandamize, msimmwagie maji, watu wasijae. Mmoja akae karibu, amsemeshe kwa upole, pengine anasikia. Itapita. Shule arudi, walimu waelezwe. Akijikata au akiumia kichwa, au hali ikija kwa namna nyingine, hospitali. Na yale mazungumzo niliyoyakataa kwa kiburi yaanze. Kwenu kuna nesi wa zahanati aliyefundishwa kazi hiyo, nimeandika jina lake kwenye karatasi ya pembeni. Haitaisha kwa siku moja. Nilimwuliza kama itaisha kabisa, akasema wengi hupona wakiaminiwa mapema. Nikatazama kalenda yake ukutani, nikaona aibu kuuliza mapema ni lini.

Tena kuna hili, nalo si la daktari, ni la mtoto. Ameniuliza askari akitoka lindoni nani anampokea zamu. Hakumzika mdogo wake. Hakuambiwa apumzike. Kila akilala anafunga kamba mkono mmoja na ncha ya pili inaanguka chini.

Shemeji, najua kwa nini unakanyaga cherehani. Mimi nacheka, wewe unakanyaga. Tofauti yetu ni kelele tu.

Kaka yenu


Nyumbani
2 Juni

Kaka,

Nimemsomea. Mwanzo alikanyaga cherehani juu ya sauti yangu. Nikaendelea kusoma. Nilipofika pale pa ncha ya pili kuanguka chini, mashine ilisimama na sindano iko ndani ya kitambaa. Alitoka nje akashinda huko hadi giza.

Mimi nilikwenda kwa Askari nikamwomba radhi ya lile neno. Akasema, "Si kitu, Mama." Nikamwambia ni kitu. Tukakaa. Nilitaka nimwambie zaidi, nikamchana nywele.

Bado anaanguka. Sasa nakaa naye chini. Naimba zile nyimbo za kuwalaza walipokuwa wadogo, wote wawili. Upo mmoja siwezi kuumaliza.

Tumekwenda zahanati. Nesi aliwaambia baba na mama waingie pia. Mama aliingia.

Dada yako


Kwenye cherehani
9 Julai

Shemeji,

Mimi si mtu wa barua. Utanisamehe.

Jumamosi mtoto alianguka hapa kibandani, kwenye mabaki ya vitambaa. Mama yake alikuwa sokoni. Mteja alikuwepo anasubiri suruali. Nikamwambia atoke, akatoka. Niliweka mkasi mbali. Nikakaa chini. Nilikunja koti la mtu nikamwekea kichwani.

Uliandika asemeshwe. Sikuwa na la kusema. Nikamwambia ninachoshona. Nikamwambia hii ni suruali ya mwalimu, kiuno kimeongezeka, natoa mshono wa nyuma. Nikamwambia uzi ninaotumia. Nikamwambia bitana imebaki kidogo. Hapo bitana ikanikumbusha, nikalitaja jina la mdogo wake. Lilinitoka. Nikasema, kamba ya fulani niliishona kwa bitana kama hii, kitambaa laini kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Nilikuwa sijalisema tangu siku ile. Mara ya kwanza lilikwaruza, nikalirudia.

Alipotulia alifumbua macho. Akaniuliza, "Baba, nimekwenda mbali?"

Sikujua jibu lake ni lipi. Ningejua kama ningekuwa nauliza zamani. Nikasema, "Sijui, mwanangu. Lakini mimi nilikuwa hapa." Akalia kwa sauti. Mteja alisikia huko nje. Nami mteja alinisikia.

Jumapili nilimpeleka makaburini. Mama yake alitangulia kufagia. Mtoto alitaka kujua nani alimshusha mdogo wake, alivikwa nguo gani, kichwa kiko upande upi. Nilimjibu yote. Nguo nilimshonea mimi, alikuwa hajui. Alikaa mpaka jua likatuchoma, sikumharakisha. Wakati wa kuondoka aliniambia, "Baba, nimechoka." Nikamwambia nimesikia, zamu yake imekwisha, nimeipokea mimi.

Nilidhani ni maneno tu ya kumtuliza. Jana baada ya chakula cha mchana alijilaza kwenye mkeka, akatoa ile kamba. Akajifunga ncha moja. Akaja akanifunga mimi ya pili, fundo lake nalijua, linafunguka kwa kuvuta mara moja. Nesi anasema tumwache, ataiacha mwenyewe akiwa tayari. Wiki hii ameanguka tena, usije ukatangaza soda.

Alilala usingizi mzito. Mimi sikuweza. Akigeuka naamka, akivuta pumzi naamka, akikunja kidole naamka. Mkono ulikufa ganzi, sikuusogeza.

Shemeji, mtoto huyu amelala hivi tangu ana miaka tisa.

Baba yake Askari, na baba yake Bwana Mdogo